Chaeronea, mji uliofuatwa na vita

Ukikutana na maneno "Mapigano ya Chaeronea", mji mdogo wa Ugiriki ya kale, uliza kwanza: yapi? Kuna yale ya mwaka 338 KK, ambamo Philip II wa Makedonia aliyavunja majeshi ya Athens na Thebes huku mwanawe Alexander, kijana wa miaka 18, akisimamia ubavu mmoja wa jeshi. Kuna ya mwaka 86 KK, ambamo Sulla, jemadari wa Roma, alipambana na majeshi ya Mithridates, mfalme wa Ponto. Katikati yapo ya 245 KK na ya 146 KK, ambayo vitabu vingi huyaruka. Wasomaji huyachanganya, na si ajabu, kwa kuwa bonde ni lilelile na mto ni uleule. Lakini kinachosahaulika zaidi ni kwamba katika yote hayo hakuna hata moja lililoitishwa na watu wa Chaeronea wenyewe.

Sababu ya kwanza ni njia. Chaeronea ilikuwa magharibi mwa Boeotia, jimbo la Ugiriki ya kati ambalo mji wake wenye nguvu kuliko yote ulikuwa Thebes. Jeshi lililotoka kaskazini, likishapita Thermopylae, njia nyembamba ya pwani, au kuizunguka kwa njia za milimani, lilishukia Elatea, kisha likafuata bonde la mto Kephisos kuelekea kusini-mashariki. Bonde hilo lina maji na ngano, na farasi hupata malisho. Likifika Chaeronea linabanwa: upande huu mlima wenye ngome ya mji, ambao kilele chake kiliitwa Petrachos, upande ule mto na vilima vya ng'ambo. Mbele zaidi kulikuwa na Ziwa Copais, kinamasi kikubwa kilichokuja kukaushwa mwishoni mwa karne ya 19. Aliyetaka kuilinda Thebes, au Athens iliyo nyuma yake, bila kumngoja adui chini ya kuta zake, alikuja kusimama hapo. Mwandishi Mgiriki Plutarch anasimulia kwamba Epaminondas, jemadari maarufu wa Thebes, aliiita Boeotia uwanja wa ngoma wa Ares, mungu wa vita.

Sababu ya pili ni unyonge. Thucydides, anayeandika habari za karne ya 5 KK, anaitaja Chaeronea kama mji ulio chini ya Orchomenos, jirani yake mkubwa. Mji wa namna hiyo hauulizwi. Mwaka 447 KK Tolmides wa Athens alikuja na askari 1,000 wenye silaha nzito pamoja na washirika, akauteka, akawauza watu wake utumwani na kuacha kikosi cha ulinzi. Alipokuwa akirudi kwao alivamiwa karibu na Coronea, akauawa, na Athens ikaipoteza Boeotia yote. Wanahistoria huandika mengi kuhusu kushindwa huko kwa Athens. Waliouzwa hupewa nusu sentensi.

Mwaka 424 KK kulikuwa na njama ya kuukabidhi mji kwa Athens, ikavuja kabla ya siku yake. Katika miaka ya 350 KK Waphocis, majirani wa Boeotia waliokuwa wameshika hazina ya hekalu la Delphi na kulipia mamluki kwa fedha zake, waliuzingira wasiupate. Ndipo akaja Philip.

Chanzo cha vita vya 338 KK kilikuwa ugomvi wa kidini. Baraza la miji iliyolisimamia hekalu la Delphi liliwashitaki watu wa Amphissa kwa kulima ardhi takatifu, na Philip akaalikwa kuwaadhibu. Mwishoni mwa 339 KK, badala ya kwenda moja kwa moja Amphissa, aliikalia Elatea. Athens ikashikwa na hofu, kwani kutoka Elatea hadi mpaka wa Attica, jimbo la Athens, ni mwendo wa siku chache. Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens aliyekuwa amelia kuhusu Philip kwa zaidi ya miaka 10, alikwenda Thebes na kuwashawishi maadui wa jadi wa Athens wasimame pamoja nayo. Wakasimama, na mahali walipochagua, baada ya miezi ya kuviziana kwenye njia za milimani, ni pale bonde linapobanwa.

Sasa tuingie kwenye pambano lenyewe, maana hapa ndipo hadithi zimesukana kuliko popote. Simulizi linalopatikana katika vitabu vingi ni hili: Philip, akiwa kulia mbele ya Waathene, alijifanya anarudi nyuma; Waathene wakamfuata kwa pupa; pengo likafunguka katika safu ya Wagiriki; Alexander akaingia pengoni na askari wa farasi na kukizunguka Kikosi Kitakatifu cha Thebes, askari teule 300 wa mji huo. Simulizi tamu, lina mwanzo na mwisho. Tatizo ni kwamba hakuna mwandishi hata mmoja wa kale anayelisema lote.

Diodorus, mwanahistoria Mgiriki anayetupa maelezo marefu kuliko wengine, aliandika karne tatu baadaye. Anasema Philip alikuwa na askari wa miguu zaidi ya 30,000 na farasi wasiopungua 2,000, kwamba pambano lilikuwa refu na kali, na kwamba Alexander ndiye aliyevunja safu ya adui kwanza. Hataji kurudi nyuma kwa hila. Hila hiyo inatoka kwa Polyaenus, mkusanyaji wa mbinu za vita aliyeishi karne ya 2 BK, zaidi ya miaka 450 baada ya tukio. Kwake yeye jemadari Stratocles wa Athens anapiga kelele kwamba wawafukuze adui mpaka Makedonia, na Philip anajibu kwamba Waathene hawajui kushinda. Plutarch anaongeza kwamba inasemekana Alexander alikuwa wa kwanza kukivamia Kikosi Kitakatifu. Farasi hawatajwi. Kwamba alishambulia juu ya farasi ni hitimisho la wanahistoria wa sasa, waliolitazama pambano hili kwa kumbukumbu ya ushindi wake wa baadaye huko Asia. Huenda ni kweli. Lakini mikuki mirefu ya Wamakedonia, sarisa, iliyozidi mkuki wa kawaida wa Mgiriki kwa mbali, ingetosha kuivunja safu ya askari wa miguu bila msaada wa farasi yeyote, na mimi sioni sababu ya kulazimisha.

Yasiyo na utata mkubwa ni haya. Ilikuwa kiangazi, yapata Agosti. Waathene zaidi ya 1,000 waliuawa na 2,000 hivi wakatekwa. Lysicles, mmoja wa majemadari wao, alirudi salama, akashitakiwa na kuhukumiwa kifo. Demosthenes naye alikuwa safuni kama askari wa kawaida, akakimbia. Plutarch anasema aliitupa silaha yake, na kwamba kwenye ngao yake yalikuwa yameandikwa kwa dhahabu maneno ya kuomba bahati njema. Hakushitakiwa kwa hilo. Tena ndiye aliyechaguliwa kuwasemea waliokufa kwenye maziko.

Kuhusu Philip baada ya ushindi kuna picha mbili, na wapenzi wake na wabaya wake huchagua inayowafaa. Katika moja amelewa, anapita katikati ya maiti akiwadhihaki mateka, hadi Demades, mateka wa Athens, anapomwambia kwamba bahati imempa nafasi ya Agamemnon, mfalme mkuu katika utenzi wa Iliad, naye anacheza nafasi ya Thersites, yule mropokaji wa Iliad. Katika nyingine anasimama mahali walipolala wale 300 wa Kikosi Kitakatifu, wapenzi waliopigana wawili wawili bega kwa bega, analia na kuwalaani watakaowadhania kuwa walifanya lolote la aibu. Picha zote mbili ni za baadaye. Matendo yake ndiyo yenye ushahidi bora: Athens aliirudishia mateka bila fidia, Thebes akaiwekea kikosi cha ulinzi juu ya ngome yake. Alihitaji meli za Athens kwa vita dhidi ya Uajemi. Thebes haikuwa na cha kumpa.

Husemwa kwamba uhuru wa Wagiriki ulikufa siku hiyo. Maneno hayo yana umri mkubwa: Lycurgus wa Athens aliyatumia mahakamani mwaka 330 KK, akisema uhuru ulizikwa pamoja na miili ya waliokufa. Lakini alikuwa mshitaki, akitaka mtu aliyeikimbia Athens baada ya pambano apewe adhabu ya kifo. Bunge la Athens liliendelea kukutana, na mwaka 323 KK Athens ikaongoza tena vita dhidi ya Makedonia. Mji uliokufa kweli ni Thebes. Iliasi, na Alexander akaibomoa mwaka 335 KK.

Kando ya barabara leo ameketi simba wa marumaru, na kumhusu yeye pia mambo yamechanganywa. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliandika kwamba hapo ni kaburi la watu wa Thebes waliokufa wakipigana na Philip, kwamba halina maandishi, na kwamba simba huenda alikusudiwa kuonyesha moyo wa watu hao. Maandishi hayakuwekwa, anadhani, kwa sababu bahati yao haikulingana na ujasiri wao. Kisha simba akapotea ardhini hadi mwaka 1818, kundi la wasafiri Waingereza, akiwamo msanifu majengo George Ledwell Taylor, lilipomkuta baada ya farasi mmoja kujikwaa kwenye jiwe. Wagiriki wengi watakuambia kwamba aliyemvunja simba ni Odysseas Androutsos, shujaa wa vita vya ukombozi vya miaka ya 1820, akitafuta hazina tumboni mwake. Hadithi ina ladha yake, ila Waingereza walimkuta tayari amevunjika vipande.

Mwaka 1879 na 1880 Panagiotis Stamatakis alichimba ndani ya uzio wa kaburi, akapata mifupa ya watu 254 waliolazwa kwa safu saba. Kwa hesabu za haraka watu wakasema: Kikosi Kitakatifu. Lakini Pausanias hasemi hivyo, anasema watu wa Thebes tu, na 254 si 300. Wanaotetea jibu la haraka hueleza kwamba 46 waliobaki walipona au walijeruhiwa, jambo linalogongana na Plutarch anayedokeza kuwa wote 300 walilala pamoja. Wapo wanaojibu kwamba 300 ilikuwa jina la kikosi zaidi ya idadi ya siku ile. Mimi naona Pausanias anatosha. Simba aliunganishwa upya na kuinuliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa Kephisos, Georgios Soteriadis alichimbua kilima kikubwa chenye majivu ya watu waliochomwa na ncha za mikuki mirefu, akakitambua kuwa kaburi la Wamakedonia.

Pambano la 245 KK lilikuwa dhidi ya Waaetolia, watu wa magharibi mwa Ugiriki ya kati. Aratus, jemadari wa Achaea, muungano wa miji ya kusini mwa Ugiriki, alikuwa njiani na watu 10,000 kuja kuwasaidia Waboeotia, lakini hawakumngoja: kiongozi wao Abaeocritus aliuawa na wenzake 1,000. Mwanahistoria Polybius, ambaye hakuwapenda, anadai kwamba tangu siku hiyo Waboeotia walikata tamaa na mambo makubwa wakageukia kula na kunywa, hata baadaye baadhi yao wakawa na karamu nyingi kuliko siku za mwezi. Mwaka 146 KK, Roma ilipokuwa inaimaliza Achaea, askari 1,000 wa Arcadia, jimbo la kusini, walikutwa na jeshi la Metellus, jemadari wa Roma, karibu na Chaeronea na kuuawa. Pausanias aliona hapo mkono wa miungu: Waarcadia walikataa kuja mwaka 338, basi wakaletwa kufia mahali hapohapo.

Ya mwaka 86 KK yana maelezo mengi kuliko yote, na sababu yake ni mtu mmoja. Plutarch alizaliwa Chaeronea yapata mwaka 45 BK. Alisoma Athens, alifika Roma, alikuwa kuhani wa Delphi, lakini aliishi kwao, akieleza kwamba anakaa katika mji mdogo kwa hiari ili usizidi kuwa mdogo. Alikuwa na kumbukumbu alizoandika Sulla mwenyewe, na alikuwa na wazee wa mji. Ndiyo maana katika kitabu chake cha maisha ya Sulla, anachokiandika kwa utulivu, ghafla anasema "mji wetu". Chaeronea ilikuwa karibu kuangukia mikononi mwa Archelaus, jemadari wa Mithridates. Wenyeji waliokuwa katika jeshi la Roma wakamwomba Sulla asiwatupe. Sulla akatuma kikosi. Mji wetu, anaandika, uliponea hapo kwa karibu sana.

Kisha yanakuja mambo ambayo mgeni asingeyajua. Askari wa Archelaus walikuwa wamekikalia kilele cha Thourion, juu ya mji. Wenyeji wawili, Homoloichus na Anaxidamus, walimwendea Sulla wakasema: tupe askari wachache, tunaijua njia isiyoonekana, inayotoka Petrachos na kupita penye madhabahu ya Muse, miungu wa kike wa sanaa, hadi juu ya vichwa vyao. Wakapewa. Waliposhuka wakiporomosha mawe, adui alikimbia mteremkoni, wengine wakichomana kwa mikuki yao wenyewe. 3,000 wakafa mlimani na waliosalia wakalivuruga jeshi lao lote. Magari ya vita ya Archelaus, yale yenye miundu, yalikosa nafasi ya kupata mwendo. Yakafika taratibu, na Warumi wakapiga makofi na kuitisha mengine, kama wafanyavyo kwenye mashindano ya magari kwao.

Upande wa hesabu, shika kalamu kwa tahadhari. Mwanahistoria Appian anampa Archelaus watu 120,000, mwenzake Memnon 60,000. Sulla aliandika kwamba kwake walikosekana askari 14, na jioni wawili kati yao wakarudi. Hii ni taarifa ya mtu aliyejiita mwenye bahati, aliyetaka Roma isome. Hakuna sababu ya kuiamini, na Plutarch mwenyewe anainukuu tu bila kuitetea.

Lakini kuhusu wale wenyeji wawili Plutarch alikuwa sahihi. Aliandika kwamba Sulla aliweka mnara wa pili wa ushindi huko juu, wenye majina yao kwa herufi za Kigiriki. Mwaka 1990 wanaakiolojia wa Kimarekani walipanda kilimani wakakuta jiwe la msingi wa mnara, na juu yake: Homoloichus, Anaxidamus, mashujaa. Majina yameandikwa kwa lahaja ya Boeotia. Katika karne zote za mapigano haya, hapa ndipo watu wa Chaeronea wanapoonekana wakitenda jambo lililobadilisha matokeo.

Roma iliyookolewa na njia yao haikuwa bwana mpole. Miaka hiyohiyo ya vita vya Mithridates, kamanda wa kikosi cha Kirumi kilichokuwa kinapitisha majira ya baridi mjini alimtamani kijana yatima aitwaye Damon, na maneno yaliposhindwa akaanza kutishia nguvu. Damon akakusanya marafiki, wakawa 16. Wakajipaka masizi usoni, wakanywa mvinyo, na alfajiri wakamuua kamanda akitoa kafara sokoni. Baraza la mji, kwa kuihofia Roma, likawahukumu kifo. Usiku Damon akarudi akawaua wakuu wa mji wakiwa mezani. Lucullus, ofisa wa Sulla, alipita na jeshi, akachunguza, akaona mji ndio ulioonewa. Damon aliendelea kuteka mashamba hadi wenyeji walipombembeleza arudi, wakampa cheo cha kusimamia jumba la mazoezi, na wakamuua akijipaka mafuta ndani ya hamamu. Plutarch anasema vilio na mizuka vilisikika humo hata mlango ukazibwa kwa ukuta, na kwamba katika siku zake majirani bado waliamini kuna sauti.

Kisa hakikuishia hapo. Watu wa Orchomenos, ambao hawakuwa wamesahau uhasama, walimlipa Mrumi aushitaki mji wote kwa kuua askari wa Roma, kana kwamba mji ni mtu mmoja. Kesi ikasikilizwa mbele ya liwali wa Makedonia. Mawakili wakaomba ushahidi wa Lucullus, akaandika barua ya kweli, mji ukaachiwa. Wakamwekea sanamu ya marumaru sokoni, kando ya ile ya Dionysus, mungu wa mvinyo.

Miaka 50 hivi baadaye ikawa zamu ya Antony, jemadari wa Roma. Kabla ya vita vya Actium mwaka 31 KK aliiagiza miji ya Ugiriki ipeleke chakula kwenye majeshi yake. Nicarchus, babu wa baba yake Plutarch, alisimulia jinsi wananchi wote walivyobebeshwa ngano mabegani hadi bandari ya Anticyra, wakisukumwa kwa viboko. Mzigo wa kwanza ulifika. Wa pili ulikuwa umeshapimwa, watu wanajiandaa kuinua, ndipo habari zikafika kwamba Antony ameshindwa. Wasimamizi na askari wake wakatoroka papo hapo. Wananchi wakaigawana ngano.

Pausanias alipopita, mji ulikuwa unajulikana kwa mafuta mazuri ya mayungiyungi, mawaridi na nargisi. Waliabudu pia fimbo ya enzi waliyosema ilikuwa ya Agamemnon: haikuwa na hekalu, bali kila mwaka kuhani wake aliiweka nyumbani kwake, na kila siku ikatengewa meza ya nyama na maandazi. Katikati ya karne ya 6 BK tetemeko lililoangusha miji kadhaa ya Ugiriki ya kati liliibomoa Chaeronea, kama anavyoandika mwanahistoria Procopius. Kilichobaki ni kijiji, ambacho kwa muda mrefu kiliitwa Kapraina kabla ya kurudishiwa jina la kale.

Hata hivyo sifa ya vita haikuondoka. Mwaka 1311 mamluki wa Kikatalani walimuua Walter wa Brienne, mtawala wa Kifaransa wa Athens, pamoja na sehemu kubwa ya mashujaa wake wa farasi waliozama kwenye matope, na kwa miaka mingi wanahistoria waliliweka pambano hilo hapa, kwenye kinamasi cha Kephisos kati ya Chaeronea na Orchomenos, wakifuata maelezo ya waandishi wa zama zile. Baadaye ikasomwa kwa makini barua ya Marino Sanudo wa Venice, aliyekuwa na meli zake jirani wakati huo. Yeye anasema lilipiganwa Halmyros, mbali kaskazini katika Thessaly, na leo wengi wanamkubali.